Nilivyowaandikia Waimbaji Wakakosa Pumzi

Vijana wangu wa hapa La Rochelle, Johannesburg, mliponiomba baada ya ibada niwaandikie kuhusu kazi yangu, nilidhani mnanitania. Nimezoea kutaniwa. Kwa miaka mingi hakuna mtu wa ukoo wangu aliyejua ninafanya nini hasa. Siku nilipompigia simu mama mkwe wangu kule Lubumbashi nikamwambia kwa fahari kwamba sasa ninaandikia opera, alipiga vigelegele. Kumbe alisikia operesheni. Haikupita wiki, mtaa mzima ulijua kwamba mkwe wake ni daktari mpasuaji Johannesburg.

Mjomba mmoja akanipigia kuniuliza kuhusu ngiri yake.

"Mjomba," nikamwambia, "mimi naandika maneno, watu wanayaimba."

Akafikiri. "Wakati wa kupasua?"

"Hapana. Jukwaani."

"Basi anayepasua ni nani?"

Mwishowe nikamshauri aende hospitali. Alienda, akapona, akanitumia salamu za shukrani. Huyo ndiye mtu wa kwanza kufaidika na opera zangu, na kwa muda mrefu alibaki peke yake.

Basi niwaeleze ninyi vizuri kuliko nilivyomweleza mjomba. Opera ni mchezo wa jukwaani ambao watu wake hawasemi, wanaimba. Wakigombana wanaimba, wakiomba chumvi wanaimba, wakichomwa kisu ndiyo kabisa, wanaimba zaidi. Muziki anautunga mtu mmoja. Maneno anayaandika mtu mwingine, na huyo mwingine nilikuwa mimi. Ukitaka kujua cheo chake, soma karatasi wanayopewa watazamaji mlangoni. Jina la mtunzi wa muziki liko juu, limenona. La mwandishi wa maneno liko chini, karibu na la aliyekodisha viti.

Niliingia kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa mwalimu wa Kifaransa, na kikundi kimoja kidogo cha opera kilichofanyia mazoezi katika ukumbi wa kanisa mtaani Troyeville kilinihitaji niwanyooshe waimbaji wao ndimi. Walikuwa wanaimba opera ya Kifaransa, na Kifaransa chao kilikuwa kinaumiza. Nikawanyoosha. Ila sikuweza kufunga mdomo wangu. Kila baada ya mstari nilisema, "Lakini haya maneno yenyewe ni mabovu."

Mwenye kikundi alikuwa mtunzi wa muziki, mama wa Kizulu aliyeitwa Lindiwe, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Sisi sote tulimwita Ma Lindiwe. Alinivumilia mchana kutwa, kisha akafunga kifuniko cha piano polepole.

"Bhuti," akasema, maana yake ndugu yangu, "kama unajua mazuri, kaandike."

Nilienda nyumbani nikiwa nimevimba kama andazi. Nilivaa skafu. Mke wangu, Mama Grâce, akaniuliza kama koo linauma. Nikamwambia waandishi wa jukwaani huvaa hivi. Ulikuwa mwezi wa joto kali. Nilivaa skafu ile mpaka nikatoka vipele.

Opera yangu ya kwanza ilihusu mfalme anayempenda binti wa adui yake. Kwa nini mfalme? Kwa sababu nilikuwa sijawahi kuonana na mfalme, kwa hiyo hakuna wa kunisahihisha. Niliandika Kifaransa cha hali ya juu, chenye vina, chenye miungu ya kale, chenye vitenzi vya wakati ambao Wafaransa wenyewe wameshauacha. Mstari niliouonea fahari kuliko yote uliishia na neno *lune*, yaani mwezi. Ma Lindiwe akauwekea sauti ya juu kabisa, akampa mwimbaji wetu mkubwa, Sibusiso, mwanamume mwenye kifua kama kabati.

Sasa sikilizeni, hapa kuna somo. Ile *u* ya Kifaransa huitamki mpaka ubane midomo kama mtu anayepuliza chai. Na sauti ya juu haitoki mpaka ufungue mdomo kama mtu anayemwona nyoka. Huwezi kufanya yote mawili. Sibusiso alijaribu. Alibana, akafungua, akabana tena, macho yakamtoka, ikatoka sauti kama birika linalochemka. Akaacha, akanigeukia kwa heshima zote.

"Baba, unataka niimbe au nipooze chai?"

Tangu siku ile nikajua: huko juu mpe mwimbaji *a*. Ukishindwa, mpe *o*. Usimpe *i* isipokuwa amekukosea.

Somo la pili nilipewa siku hiyohiyo. Sentensi zangu zilikuwa ndefu, na kitenzi nilikiweka mwisho, kwa sababu nilidhani kumsubirisha msikilizaji ni ufundi. Ma Lindiwe akapiga ukurasa wa kwanza kwenye piano, akageuza, akapiga wa pili, akasimama.

"Kitenzi kiko wapi?"

"Kinakuja," nikasema.

"Mwimbaji wangu atakuwa ameshazikwa."

Akanifundisha dawa ambayo nawapa ninyi bure. Kabla hujampa mtu mstari aimbe, utamke wewe mwenyewe ukiwa unapanda mlima. Ukifika mwisho bila kuhema, mstari ni mzuri. Nikawa kila asubuhi napanda kile kilima cha Troyeville nikitangaza mapenzi kwa Kifaransa kwa sauti kubwa. Watu wakawa wanavuka barabara wakiniona. Mchungaji mmoja hakuvuka. Alidhani nanena kwa lugha, akawa ananifuata nyuma akisema "Amina, baba, amina," mpaka kileleni. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba nilikuwa namtongoza binti wa adui yangu.

Opera ile ya mfalme ilionyeshwa, ikaisha, na hakuna aliyeumia. Ndiyo sifa pekee ninayoweza kuitoa. Zikafuata nyingine za namna hiyo. Kote nilikuwa na msimamo mmoja: Kifaransa ni cha jukwaani, Kiswahili ni cha jikoni na sokoni. Wale mnaotoka Katanga mnajua tulivyolelewa. Shuleni ukiongea Kiswahili uliadhibiwa. Nami nilikua nikaendelea kujiadhibu mwenyewe bila mwalimu.

Halafu Ma Lindiwe akaniletea habari ambayo sikuiomba. Alitaka opera kuhusu mjane wa fundi cherehani wa mtaa wa Alexandra, hapahapa Johannesburg. Fundi huyo ni mgeni, na anauawa siku zile wenyeji walipowageukia majirani zao wa kigeni. Hakutaka mfalme, hakutaka miungu. Mwishoni, akasema, mjane atabaki peke yake jukwaani, aimbe wimbo mmoja, na wimbo huo ndio utakaobeba mchezo wote.

"Bhuti, hapo usiniangushe."

Sikumwangusha, nilimfunika kwa maua. Niliandika kurasa tatu. Nikaweka yungiyungi, marumaru na machozi ya lulu. Nikaweka batamaji mweupe anayekufa ziwani. Nilipomaliza nililia mwenyewe, jambo ambalo ni ishara mbaya sana kwa mwandishi.

Aliyepewa kuuimba aliitwa Furaha. Wazazi wake walitoka Uvira, yeye alikulia hapa Johannesburg, akasomea uimbaji chuo kikuu, na alikuwa na sauti ambayo ilifanya hata wafagiaji wa ukumbi wakae chini. Akausoma ukurasa wa kwanza kimya. Akausoma wa pili. Akaweka karatasi juu ya piano.

"Papa Célestin," akasema kwa Kiswahili, ili wengine wasielewe na mimi nisiaibike, "batamaji ameingiaje Alexandra?"

"Ni mfano, binti yangu."

"Mama huyu amefiwa na mume asubuhi hii. Hana nafasi ya mfano." Akachukua mkoba wake. "Samahani. Huu siwezi kuuimba."

Akatoka. Ma Lindiwe alisafisha miwani yake tu, muda mrefu, na miwani haikuwa chafu. Ukumbi tulikuwa tumeshaulipia, matangazo yalikuwa yameshabandikwa, na mwimbaji wa kushika nafasi ya Furaha hakuwepo mjini wala nchini.

Nikamfuata nyumbani kwake mtaani Bezuidenhout Valley. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai, akanipa na mkate. Nikaanza kumweleza uzuri wa batamaji. Alinisikiliza mpaka nilipochoka mwenyewe.

"Papa," akasema, "baba yangu alikufa hivyohivyo. Nilikuwa mdogo. Walikuja wakagonga mlango, akatoka kuongea nao."

Sikujua. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka na sikujua, kwa sababu siku zote mimi ndiye niliyekuwa naongea.

"Mama hakulia," akaendelea. "Jioni ile alipakua chakula, akaweka na sahani ya baba. Kesho yake akaiweka tena. Hatukuthubutu kumwambia."

Jamani, mnajua mkono wangu ulifanya nini? Ulikwenda mfukoni kuchukua kalamu. Wenyewe, kama mbwa anayesikia sufuria. Furaha aliuona. Akanyoosha wake, akaushika.

"Hapana. Sahani hiyo ni ya mama yangu. Usiipeleke jukwaani."

"Nilitaka tu..."

"Najua ulitaka nini. Katafute ya kwako."

Nikatembea kurudi nyumbani nimekasirika. Nilijiambia huyu mtoto hana adabu, nimemfundisha Kifaransa mwenyewe, sasa ananifunza huzuni. Nilipofika kwenye zile taa za barabarani ambazo huku tunaziita roboti, nilikuwa bado nagombana naye kichwani, kwa ufasaha mkubwa, na nilikuwa nashinda. Taa ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena. Mwuza machungwa akaniuliza kama nimepotea.

Nyumbani, bomba la jikoni lilikuwa linavuja, kama lilivyovuja mwaka mzima. Nilichukua spana nikainama chini ya sinki. Mimi na mabomba hatujawahi kuelewana. Kila nikikaza, maji yanaongezeka. Nikiwa pale chini, nimelowa mpaka kwapani, nikajisikia nasema, "Kaka, limenishinda tena hili."

Binti yangu Grâce alikuwa mezani na simu yake. Yeye Kiswahili anakisikia, ila anajibu kwa Kiingereza cha hapahapa. Akainua kichwa.

"Eish, Papa. Unaongea na nani?"

Nilikuwa naongea na kaka yangu, Kasongo. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa kila kitu katika nyumba yetu. Alifariki kule Lubumbashi wakati makaratasi yangu ya ukaazi yalikuwa hayajakamilika. Ningetoka nisingeruhusiwa kurudi, na hapa nilikuwa na mke na mtoto mchanga. Sikumzika. Niliangalia mazishi yake kwenye simu, na mtandao ukakatika wakiwa wanaimba. Tangu hapo nikawa na tabia ya kumpa habari. Sikumwambia habari kubwa hata mara moja. Nilimwambia mpira ulivyokwisha, nilimwambia viatu vyake nilivyovirithi vinanibana. Na nilimwambia kwa Kiswahili, kwa sababu mimi na kaka yangu hatukuwahi kuongea Kifaransa tukiwa wawili tu. Tungechekana.

Nikakaa pale kwenye sakafu yenye maji. Grâce akaacha simu, akaja akakaa karibu yangu, akalowa na yeye.

Wimbo niliuandika nyuma ya bahasha, na haukujaza bahasha. Ulikuwa hivi:

*Bomba bado linavuja,*
*mlango bado unalia,*
*jirani ameuliza habari zako.*
*Shati lako limekauka,*
*nimelikunja.*

Nikaupeleka kwa Ma Lindiwe nikiwa naona aibu, kama mtu anayepeleka uji kwenye harusi. Akageuza bahasha kutafuta mengine.

"Lugha gani hii?"

"Kiswahili."

"Nitafsirie."

Nikamtafsiria.

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Alikaa. Kisha akaweka bahasha juu ya piano, akaanza kugusa sauti moja moja, chini kabisa, na mimi nikatoka nje kwa sababu sikujua pa kuweka uso. Furaha alipokuja aliusoma amesimama. Akaukunja, akautia mkobani.

"Sharp," akasema, neno la vijana wa hapa, maana yake sawa. Halafu, akiwa mlangoni: "Pole na msiba wako, Papa." Sikuwa nimemwambia chochote.

Mngedhani hapo nilipata akili. La. Nilipata kichwa kikubwa. Kwa kuwa wimbo mmoja wa Kiswahili ulipendwa, nikaamua na maongezi ya wapenzi ya sehemu ya kwanza niyatoe kwenye Kifaransa niyatie Kiswahili, haraka haraka. Fundi cherehani, aliyeimbwa na Sibusiso, alitakiwa kumwambia mkewe kwamba penzi lao ni barabara, yaani liko sawasawa, halina kasoro. Neno hilo, mnajua, ukiinua sauti mapema, *barábara*, ni sifa. Ukiinua mwishoni mwishoni, *barabára*, ni njia ya magari. Kazi yangu ilikuwa kumwekea Ma Lindiwe alama pale sauti inapopanda, maana yeye Kiswahili hakijui. Sikuweka. Naye akafanya kama mtu yeyote mwenye busara asiyejua lugha, akainua pale ambapo Kiswahili huinua siku zote.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumapili alasiri. Ukumbi ulijaa. Walikuja Wakongo wa Troyeville na Bertrams, walikuja Warundi, walikuja Wakenya wa kazi za benki na magari mazuri, walikuja Wazulu wa ukoo wa Sibusiso, safu nzima. Sibusiso akapiga goti mbele ya Furaha, akajaza kifua, akaimba kwa sauti iliyotikisa madirisha kwamba penzi lao ni barabara ya lami.

Lami sikuiandika. Lakini ndivyo ilivyosikika.

Mkongo mmoja nyuma akapaza sauti: "Ina mashimo?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Ina roboti?" Wakenya walicheka mpaka wakavua miwani. Sibusiso, maskini, hakuelewa. Alidhani wamempenda, akarudia mstari kwa nguvu zaidi. Mimi nilikuwa nimeshafika chooni. Nilijifungia, nikakaa juu ya kifuniko, nikawa napanga maisha mapya, ikiwezekana katika mji wenye watu wachache wanaojua Kiswahili.

Mama Grâce akagonga.

"Toka."

"Nina tumbo."

"Huna tumbo, una aibu. Toka, Furaha anaingia."

Akanitoa kwa mkono kama anavyotoa mtoto sokoni, akanisimamisha nyuma ya ukumbi. Mwanga ulikuwa umepungua. Jukwaani kulikuwa na cherehani na kamba ya nguo. Watu walikuwa bado wanajipangusa machozi ya kicheko, na nikajua kwamba imekwisha. Kiswahili kilikuwa kimeshakuwa kichekesho. Neno lolote la Kiswahili sasa wangelipokea kwa kicheko, na Furaha, aliyenikatalia sahani ya mama yake ili asichekwe mtu wake, angesimama pale achekwe kwa ajili yangu.

Akaimba kwamba bomba bado linavuja.

Mtu mmoja akacheka kidogo, akaacha. Akaimba kwamba mlango bado unalia. Hakupandisha sauti, alikuwa kama anaongea na mtu aliyeko chumba cha pili. Akaimba kwamba jirani ameuliza habari zake, na hapo, kutoka kwenye giza upande wa kushoto, sauti ya mama mzima ikasema, bila kuimba, bila haya, "Pole, mama." Na mwingine, "Pole sana." Wazulu hawakujua maana, lakini walijua kilio kinavyopokelewa, na mama yake Sibusiso akaanza kuitikia kwa mguno wa chini, na safu yake yote ikaitikia naye. Furaha alisubiri. Kisha akalianua shati kwenye ile kamba, akalikunja pande mbili, akamaliza.

Mimi sikuona mwisho vizuri. Nilikuwa nimeazima skafu ya mke wangu kufutia pua.

Wiki iliyofuata gazeti moja liliandika habari zetu. Liliusifu muziki. Lilimsifu Furaha, likasema atafika mbali, na amefika. Lilimsifu hata aliyechora cherehani kwenye tangazo. Kuhusu wimbo wa mwisho, liliandika kwamba kikundi kilifanya vizuri kutumia wimbo wa asili wa Waswahili, ambao mtunzi wake hajulikani. Nilisoma mara nyingi. Nikataka kuwaandikia. Mama Grâce alicheka mpaka akakaa chini, akaniambia, "Sasa mimi nimeolewa na nani, kama hujulikani?"

Nimestaafu sasa. Ma Lindiwe ameacha kutunga, anafuga kuku na kuwapa majina ya waimbaji waliomsumbua. Kazi yenyewe imebadilika. Siku hizi mwandishi anatuma maneno kwa simu, mtunzi anayajaribu kwa kompyuta inayoimba bila kuhema, kisha wanashangaa mtu halisi akizimia. Pandeni mlima, nawaambia.

Hapa La Rochelle tunapanga vyumba kwenye uwanja mmoja na mama mmoja wa Tanga, jina lake Mwanaidi, anauza nguo za watoto. Hivi karibuni nilikuwa nimekaa nje naota jua, yeye anaanika, nikamsikia anaimba. Bomba bado linavuja. Nikatulia kama mwizi. Alifika mwisho.

*Shati lako limekauka,*
*sijalikunja.*

"Mama Mwanaidi," nikamwambia, "samahani. Ni *nimelikunja*."

Akanitazama kwa huruma wanayotazamwa nayo wazee. "Hapana, baba. Huu ni wimbo wa zamani. Bibi yangu alikuwa akiuimba, naujua tangu mtoto."

"Una uhakika?"

"Kabisa. Tena fikiria mwenyewe. Nani anakunja shati la mtu ambaye bado anamngoja?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na la kusema, nilikuwa na ile karatasi ya mlangoni yenye jina langu chini karibu na la aliyekodisha viti. Lakini nilikuwa naimba kimoyomoyo, namna yake na namna yangu, na yake ilikaa kwenye muziki bila kusogeza sauti hata moja, na ilikuwa kweli, na ningekuwa na kaka yangu pale ningemwambia kwamba limenishinda tena.

"Bibi yako alikuwa na akili," nikasema.

"Sana," akajibu Mwanaidi. "Nishikie hili shuka upande huo, baba, usiburuze chini."

Nikashika. Akaanza upya, nami nikamwitikia kwa namna yake.